Mkono Unaotembea

Tarehe 6 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvuke. U hali gani? Mgongo umeacha kulalamika? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni hata nikisalimiana na watu wanadhani wameshika zabibu kavu. Hapa hospitali wametuletea mashine mpya ya kufulia mashuka, kubwa kama chumba chenu cha kulala, na inanguruma kama kaka yangu akilala chali. Kwa hiyo kazini najisikia niko nyumbani.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya kwenu haina faida. Kila nikipiga anapokea yeye. "Wote wazima, mikate inatoka, asante, kwaheri." Nikisema nipe wifi, anasema una mikono ya unga. Wifi, kila siku una mikono ya unga? Basi maneno yetu yatapita kwa Polepole. Maadamu lori lake linapakia unga huku na kuushusha dukani kwenu, yeye ndiye posta yetu. Atachelewa, jina lile hakupewa bure, lakini hasomi barua za watu.

Ndani ya kifurushi utakuta saa. Si yako, usianze kufurahi. Ni ya mume wako. (Akifanya jema ni kaka yangu, akiwa mkaidi ni mume wako, na kwa hili najua atakuwa mkaidi.) Inafungwa mkononi, inahesabu hatua, usingizi na mapigo ya moyo. Mimi ninayo ya namna hiyo hiyo, na zinaonana kwenye simu: mimi naona hesabu yake, yeye anaona yangu. Nesi mmoja ninayemfulia makoti aliniambia, "Mapigo ya moyo usiyaamini sana, inakisia tu, na wala si daktari. Lakini mtu akipungukiwa na mwendo, itakuambia."

Hilo tu ndilo ninalolitaka. Wewe uliolewa baba ameshatuacha. Alikuwa akikanda unga kwenye meza hiyo hiyo anayokandia mume wako, akishika kifua na kusema ni gesi, ni gesi tu, na sisi watoto tukamletea tangawizi. Siku alipoanguka, unga ulibaki na alama za ngumi zake. Kaka yangu sasa ana umri ule ule, kitambi kile kile, tanuri lile lile. Usimwambie nimesema hivyo. Mwambie ni zawadi.

Wifi yako wa kwenye mashuka


Tarehe 11 Machi

Wifi yangu wa moyoni,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na mashine yenu ya kunguruma haijakuziba masikio. Sisi tu salama kwa neema. Mgongo wangu nimeukabidhi kwa Mungu na kwa mto wa ziada. Polepole alifika wiki mbili baada ya siku aliyoahidi, anasema gurudumu, na barua yako ilikuwa nyeupe kwa unga hata nikaikung'uta kama nguo.

Sasa habari za saa. Siku ya kwanza kaka yako aliitazama kama mtu aliyeletewa pingu. "Mimi nimekuwa mbuzi wa kufungiwa kengele?" Akaitupa juu ya kabati. Siku ya pili nikaona haipo kabatini. Siku ya tatu akaanza kunisomea namba mezani kabla ya kuombea chakula. Sasa anaoga nayo. Wifi, ningejua mwanamume huyu anasikiliza kitu kilichofungwa mkononi, ningejifunga mimi mwenyewe miaka mingi iliyopita.

Faida yake siikatai. Analala mapema ili asubuhi saa imsifu. Mikate ya wateja wa mtaa wa nyuma anaipeleka mwenyewe kwa miguu. Juzi amekataa kipande cha pili cha keki, kaka yako huyo huyo, akasema, "Mwili ni hekalu." Nikaangalia dirishani kama dunia haijafika mwisho.

Hasara nayo ipo. Nikimuuliza asubuhi, "Umelalaje, mume wangu?" hanijibu mpaka aangalie mkono. Wakati mimi ndiye nimelala ubavuni nikimsikiliza akikoroma kama lori linalopanda mlima usiku kucha! Shahidi niko hapa, anakwenda kuuliza kidude.

Halafu ya kanisani. Hii usinywe chai ukiisoma. Saa ile mtu akikaa muda mrefu humtikisa mkono na kuandika: SIMAMA. Jumapili mchungaji akahubiri juu ya ulimi, na unajua mchungaji wetu, hubiri lake halina breki. Katikati akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Kama yupo humu aliyemsengenya jirani yake wiki hii, na asimame." Hata watoto waliacha kulia. Na mkono wa kaka yako ukatikisika. Wifi, alisimama! Peke yake, wima kama mshumaa, macho kwenye saa.

"Ubarikiwe, ndugu," mchungaji akasema. "Nani amekusimamisha?"

"Saa, mchungaji," akajibu, masikio yamemwiva.

"Naam! Saa imefika!" Kanisa zima: Amina!

Tulipotoka, jirani yetu fundi viatu alikuwa anatungoja mlangoni. "Ulinisema nini?" Kaka yako akaapa hakumsema. "Sasa kwa nini ulisimama?" Imebidi apelekewe mikate kila asubuhi kwa wiki nzima mpaka uso wake ukunjuke.

Anakusalimu sana, anasema hatua zako ni chache, inaonekana huko kazini mnakaa kwenye viti mkipepewa.

Niandikie, barua zako zinanichekesha nikiwa peke yangu dukani na wateja wanadhani nimepata wazimu.

Wifi yako wa kwenye unga


Tarehe 29 Machi

Wifi, mke wa mwenye dhambi aliyesimama,

Hujambo? Mimi sijambo, mbavu tu ndizo zinauma kwa kucheka. Nimewasomea wenzangu wa kwenye pasi barua yako, wanaomba picha ya fundi viatu.

Lakini amenichokoza, na mimi sikuzaliwa kunyamaza. Ati viti! Tangu asubuhi nasukuma toroli la mashuka wodi baada ya wodi, ukumbi baada ya ukumbi, jioni miguu imevimba kama hamira imewekwa ndani. Naangalia saa, inanipa namba ya mgonjwa aliyelazwa. Na mume wako, ambaye kutoka tanuri hadi mlangoni ni kunyoosha mguu mara chache, ananishinda karibu mara tatu! Anatembea wapi? Hiyo mikate ya mtaa wa nyuma anaipeleka mpaka nchi jirani?

Nimemuuliza yule nesi. Akanitazama nikisukuma, akacheka. "Mikono yako imetulia kwenye toroli. Saa haioni miguu, inaona mkono."

Basi nakuomba, wifi, mchunguze. Kaa pembeni, jifanye unahesabu trei. Sitaki ushindi (nautaka kidogo), nataka kujua kama namba ninazozifurahia kila jioni ni za kweli. Maana naziangalia kabla ya kulala na nasema, alhamdulillah, kama anavyosema mwenzangu wa zamu, kaka yangu anatembea, haendi njia ya baba.

Umpe salamu. Mwambie asimame.

Wifi yako wa kwenye mashuka


Tarehe 2 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Amani iwe kwako. Habari za miguu? Uiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, usinipuuze. Hapa tu wazima. Wanakwaya wametuagiza mikate ya mkutano, na hamira imepanda bei kuliko yenyewe inavyopandisha unga.

Nimechunguza. Nilijikunyata nyuma ya magunia na trei mkononi. Kaka yako amesimama mezani, miguu imeota mizizi, hakuna kilichosogea chini ya kiuno. Juu sasa! Ngumi ya kulia, ngumi ya kushoto, kunja, bamiza, vuta, kunja. Nikamsogelea taratibu kama nampangusa jasho, nikachungulia saa. Wifi, namba zinakimbia! Anakanda, saa inadhani anatembea. Mtu huyu amezunguka dunia bila kutoka jikoni!

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye unga. Nikamwambia, "Baba, hizi si hatua, hizi ni mikate." Hakuona haya hata kidogo. "Mkono si kiungo? Mkono ukitembea, moyo nao unatembea." Na akaongeza, "Saa imesema mimi ni kijana. Wewe ni nani ubishane na saa?"

Hapo ndipo kicheko kilinipungua. Kumfanya mtu atembee ni jambo jema. Lakini kumwambia mtu ametembea wakati amesimama, hilo linanitia wasiwasi. Kabla ya saa, nikimwambia akapimwe alikuwa ananuna. Sasa ananionyesha mkono. Kinga anayo, kwa hiyo daktari wa nini?

Tena mashine ya kukandia bado iko chini ya magunia na mkanda wake uliokatika. Anasema mkate wa mashine hauna roho, baba yenu hakuwahi kutumia mashine. Nami nimemwambia

Wifi, nakatisha hapa. Yuko mlangoni, anauliza naandika nini kirefu hivi. Anakusalimu. Anasema yu mzima kabisa, na niandike hivyo: yu mzima kabisa.

Tuombee.

Wifi yako wa kwenye unga


Tarehe 14 Juni

Wifi,

Natumaini nyote mnaendelea. Mimi nipo. Leo salamu zangu ni fupi, utanisamehe.

Tangu uliponiandikia "tuombee" nimeomba, na kisha nimekaa nikiangalia simu. Kwa sababu sasa najua namba zake ni unga, nazisoma kama unga. Na katikati ya Mei unga ulikatika. Siku ya kwanza nikasema labda ni mapumziko. Siku ya pili, ya tatu, karibu wiki, hesabu yake ikawa ya mtu aliyelala. Kaka yangu haachi kukanda hata akiwa na homa. Nikapiga simu. "Wote wazima, mikate inatoka, asante, kwaheri." Nikajiuliza, inatoka kwa mikono ya nani?

Halafu ghafla namba zikarudi, nzuri, nyingi. Nikataka kufurahi. Nikafungua nione ni saa ngapi anazipata. Wifi, Alhamisi alasiri, saa ya maombi yenu! Tangu lini kaka yangu anahudhuria maombi ya akina mama? Na si kuhudhuria tu, anapiga makofi na kuruka bila kupumzika mpaka jioni! Alhamisi iliyofuata, vivyo hivyo.

Saa hiyo haiko mkononi mwake. Iko mkononi mwako. Sikuulizi kwa nini, kwa kuwa nakujua, na kama ungeweza kuandika ungeandika. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ndogo. Mpe yeye, umwache aisome peke yake. Na wewe uisome hapa:

"Kaka yangu. Leo sikuiti mume wa mtu. Najua hukandi tena. Najua ni kifua, na najua unasema ni gesi. Mimi ndiye niliyemletea baba tangawizi. Usinifanye nilete tangawizi mara ya pili. Polepole akishamaliza kushusha magunia, panda mbele pamoja na mkeo, atawapeleka hospitali ya huko huko kwenu. Nimekwishamwambia asiondoke bila wewe, na unajua yeye hana haraka. Mdogo wako."

Nangoja. Usinitumie salamu, nitumie habari.

Wifi yako wa kwenye mashuka


Tarehe 9 Julai

Wifi yangu, mwanamke mwenye macho marefu kuliko barabara,

Bwana asifiwe, na leo naisema kwa nguvu mpaka fundi viatu amesikia. Habari yako? Mimi mgongo unauma, mikono inauma, moyo umetulia.

Kaka yako yu hai, na anaendelea vizuri. Nimeliandika hilo kwanza ili upumue.

Alisoma karatasi yako akiwa mezani. Akaisoma, akaikunja, akaifungua tena. Akaenda kunawa mikono, na haikuwa na unga hata chembe. Akarudi, akaniambia, "Nimekufungulia neno lako. Mwandikie." Akakaa chini akalia, wifi. Mara ya mwisho nilimwona hivyo siku ya maziko ya baba yenu, mimi nikiwa bado ni mchumba tu.

Sasa nikueleze. Katikati ya Mei mkono wa kushoto ulimkataa akiwa anakanda. Kifua kikabana, jasho kama amemwagiwa maji. Akaniomba nimpe neno langu kwamba sitakuandikia wala kukupigia juu ya jambo hili. "Ataacha kazi aje, na si kitu, ni gesi." Nikampa. Na neno nililolitoa mbele za Mungu silimezi, hata kama nimelitoa kwa ujinga. Nikachukua meza, nikawa nakanda mimi. Wiki moja baadaye akakumbuka kwamba unaona namba. Akaivua saa, akanifunga. "Kanda nayo," akasema. Nikakanda nayo, na kila ngumi ilikuwa uongo.

Alhamisi ilipofika, nilikwishafungua mkanda nikitaka kuiacha nyumbani. Nikasimama nayo mkononi. Nikasema, Mungu wangu, mimi nimefungwa mdomo, lakini hii haikuahidi kitu. Nikaifunga tena, nikaikaza. Wifi, nilipiga makofi siku hiyo! Nilicheza mpaka mama mchungaji akanishika bega, "Dada, umejazwa Roho?" Nikamjibu, "Leo nimejazwa hofu, mama." Wiki iliyofuata nikaruka zaidi, nikisema moyoni, aone, Bwana, aone yule mwenye kelele wa kwenye mashuka. Na wewe ukaona.

Hospitali daktari akamuuliza, "Mzee, unatembea?" Akanivua saa mbele ya watu, akamwonyesha kwa fahari. "Daktari," nikasema, "hiyo ni mikate." Tukamweleza. Alicheka, kisha alipompima hakucheka. Mshipa wa moyo umebana. Akasema angekuja baada ya kuanguka, wangekuwa wanazungumza na mimi tu. Amempa dawa, amemkataza kukanda na kubeba magunia, na ameamuru mwendo, mwendo wa miguu, alitamka "miguu" mara mbili akimtazama. Kuhusu saa alisema kama nesi wako: ikukumbushe, isikuhukumu. Mwenye kukujua ni yule unayeishi naye na mwenye kukupima ni daktari.

Polepole siku ile hakuwa Polepole. Tulipita kwenye mashimo nikisoma Zaburi kwa sauti.

Mashine ya kukandia imetiwa mkanda mpya. Wateja hawajalalamika juu ya roho ya mkate. Asubuhi tukishafungua duka na kumwachia fundi viatu atupie mlango macho, tunatembea mimi na yeye mpaka kanisani na kurudi. Na ujue, anatembea kama mwenye nyumba anayekagua ukuta, mikono nyuma. Saa haimhesabii kitu! Amekasirika mpaka anaongea na mkono wake. "Nilipodanganya ulinisifu, leo nasema kweli unanikana?" Nimemwambia Mungu anaziona hatua zake. Anasema, "Mungu sawa, lakini mdogo wangu ataona nini?"

Na hapo ndipo penye neno langu. Tangu Jumamosi saa yako haijasogea. Wala hatua moja, wala usingizi. Nimemwambia itakuwa imeishiwa chaji, au umeisahau kwenye mfuko wa koti ikafuliwa. Akanijibu, "Ndivyo nilivyokuwa nasema mimi. Gesi." Tangu jana anafungua simu, anafunga, anafungua. Chai yake imepoa mbele yake. Nimekupigia, huipokei. Nimetaka kumcheka, nimeshindwa, maana na mimi nachungulia begani kwake.

Kwa hiyo tafadhali, wifi, ukiipata hii nijibu upesi, hata mstari mmoja, na uwe wa mkono wako mwenyewe. Nimemwagiza Polepole akusubiri getini mpaka umalize kuandika.

Wifi yako wa kwenye unga